Pumba zinaingia, fosforasi haitoki

Lori la mahindi linapotoka Sumbawanga au Songea kuja Dar es Salaam linabeba kitu kisichoandikwa kwenye hati ya mzigo: fosforasi, kirutubisho cha mimea kilichotoka kwenye shamba lililozaa mahindi hayo, takriban kilo 3 kwa kila tani. Mahindi yakishakobolewa Manzese au Tandale, unga unakwenda jikoni na pumba zinakwenda bandani, Chanika, Kivule, Goba, Kibaha. Mashudu ya alizeti ya Singida yanafuata njia hiyo hiyo. Kuku wa nyama analishwa wiki 5 au 6, anauzwa, na mbolea yake inatiwa kwenye viroba na kupelekwa kwenye matuta ya mchicha na matembele mabondeni. Safari inaishia hapo. Hakuna lori linalorudisha fosforasi hiyo Sumbawanga. Mkulima wa kule, msimu ukifika, ananunua DAP, mbolea ya viwandani yenye fosforasi, iliyoshushwa kwenye bandari ya jiji hili hili.

Mazungumzo yetu kuhusu mbolea ya kuku yamekuwa ya harufu na nzi. Ni malalamiko ya haki, na yeyote aliyejenga jirani na banda lisilotunzwa anayajua. Lakini harufu ni naitrojeni inayotoroka kama hewa ya amonia. Fosforasi haina harufu na haitoroki hewani. Inabaki pale ilipowekwa mpaka mmea uichukue au maji yaichukue, na kwenye udongo wa kichanga wa pwani, ulio karibu na mto, maji huwahi. Hoja yangu ni kwamba mbolea ya kuku ipimwe kwa fosforasi iliyomo, na kwamba matuta ya mabondeni, ambako sasa ndiko inakopelekwa kwa urahisi zaidi, ndiyo mahali pasipostahili kuipokea kuliko pengine pote.

Hesabu ya tuta moja

Chukua tuta la mita 1 kwa 10. Mchicha ukikubali, linatoa kilo 20 hivi kwa mvuno mmoja. Kilo moja ya majani mabichi ya mchicha ina takriban gramu 4 za naitrojeni na nusu gramu ya fosforasi, kwa hiyo mvuno huo unaondoka na gramu 80 za naitrojeni na gramu 10 tu za fosforasi. Uwiano ni 8 kwa 1.

Sasa mimina debe moja la mbolea kavu ya kuku wa nyama iliyochanganyika na maranda. Debe hilo lina uzito wa kilo 8 hadi 10, tuseme 10. Mbolea ya aina hiyo ina takriban asilimia 3 ya naitrojeni na asilimia 1.3 ya fosforasi, yaani gramu 300 kwa gramu 130. Uwiano sasa ni 2 na kidogo kwa 1. Naitrojeni nyingine itapotea hewani na nyingine itachelewa kuoza, kwa hiyo mmea utapata nusu hivi, gramu 150. Si mbaya sana kwa mmea unaotaka 80. Fosforasi je? Umeweka 130, mmea umechukua 10. Gramu 120 zimebaki udongoni.

Mchicha wa kung'oa hukaa shambani wiki 3 hadi 4. Tuta likilimwa mara 8 kwa mwaka na kila mara likapewa debe lake, ziada ya mwaka ni gramu 960 kwenye mita 10 za mraba. Ipeleke hesabu hiyo kwenye ekari: ni sawa na fosforasi iliyomo kwenye mifuko karibu 39 ya DAP ya kilo 50. Hakuna mkulima wa mahindi Tanzania anayemwaga mifuko 39 ya DAP kwenye ekari moja. Bondeni tunaweza kuimwaga bila kujua, kwa sababu haikuja kwenye mfuko wenye namba.

Mbolea hutofautiana, bila shaka. Ya kuku wa mayai wanaofugwa kwenye vizimba hutoka na maji asilimia 70 au zaidi, kwa hiyo debe lake ni zito ila limejaa maji. Ya ng'ombe ni nyepesi mno kwa fosforasi: tani nzima ya kinyesi kibichi ina kilo 1 hivi. Ndiyo maana sina ugomvi mkubwa na samadi ya ng'ombe kwenye bustani. Mbolea ya kuku, tani kwa tani, ina zaidi ya mara 10 ya hapo, na wanaoziuza huziuza kwa kipimo kilekile cha kiroba.

Kinachomfanya mkulima asione tatizo ni kwamba ziada ya fosforasi haichomi mmea kama inavyofanya naitrojeni ikizidi. Majani yanabaki ya kijani. Dalili ikitokea, huja kwa kujificha: fosforasi nyingi huzuia mmea kupata zinki na chuma, majani machanga yanaanza kuwa na rangi ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Anayeona hivyo hudhani mbolea imepungua, na anaongeza debe jingine.

Udongo nao una kikomo chake. Fosforasi hushikwa na chembe za chuma na alumini, ambazo zimejaa kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi wa milimani na ni chache kwenye mchanga wa pwani. Udongo mwekundu unameza fosforasi nyingi kabla haujaanza kuiachia. Mchanga hujaa haraka kama kibaba, kisha kila kinachoongezwa kinamwagika. Kinamwagika kwa njia 2. Mvua kubwa hubeba chembe zenyewe za udongo, na fosforasi imegandamana nazo. Hiyo ni ile rangi ya chai ya maziwa unayoiona mtoni baada ya mvua ya Aprili. Njia ya pili haionekani: fosforasi iliyoyeyuka, inayopita ndani ya mchanga hadi kwenye maji yaliyo chini kidogo tu ya tuta, au inayooshwa juu ya mbolea iliyomwagwa jana. Maji yanaweza kuwa meupe kabisa na bado yakawa yameibeba.

Maji gani hasa?

Hapa inabidi tuwe wakweli, kwa sababu hoja za mazingira huharibika zinapotiwa chumvi. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji, unamwaga baharini karibu na daraja la Salender. Haupeleki tone kwenye bomba la mtu. Maji ya bomba ya Dar kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yenye uwezo wa lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku. Kuku wa Kivule hachafui Ruvu. Zaidi ya hapo, baharini mwani kwa kawaida huzuiwa na upungufu wa naitrojeni kuliko fosforasi. Ni kwenye maji baridi, hasa yaliyotuama, ndiko fosforasi inakoshika usukani. Na Msimbazi una mizigo mingine mikubwa: vyoo, maji ya kufulia, viwanda. Kumtwika mkulima wa mchicha lawama ya mto huo wote ni kumwonea.

Kwa nini basi nisumbuke? Kwanza, si kila mto wa jiji unakwenda baharini bila kuchotwa. Mtambo wa zamani wa Mtoni, mdogo lakini upo, unategemea Mto Kizinga. Mabwawa ya samaki yanayochimbwa pembezoni hujazwa kwa vijito na maji ya chini yanayopita mabustanini. Bwawa la perege likipata fosforasi nyingi hubadilika kuwa kijani kizito. Mchana mwani unatoa oksijeni, usiku unaila, na alfajiri samaki wanaelea midomo juu. Mfugaji hulaumu vifaranga wabovu.

Pili, na hili ndilo linalonipa wasiwasi zaidi, mabanda yanahama. Ardhi ya mjini imekuwa ghali, majirani wameongezeka, na ufugaji mkubwa unasogea Kibaha, Bagamoyo, Chalinze hadi Morogoro. Huko sehemu kubwa ya ardhi ni bonde la Ruvu. Na Ruvu yenyewe inabadilika. Ukame wa mwishoni mwa mwaka 2022, uliolifanya jiji lipewe maji kwa mgawo, uliharakisha ujenzi wa bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, lililokusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190. Bwawa hilo tunalihitaji. Lakini mto unaotiririka na bwawa lililotuama ni vitu 2 tofauti kwa fosforasi. Mtoni, tope na fosforasi yake hupita. Bwawani vinatua chini, na maji ya chini yakiishiwa oksijeni, kama inavyotokea kwenye mabwawa yenye kina katika nchi za joto, tope hilo huanza kuirudisha fosforasi majini mwaka hadi mwaka, hata kama chanzo kimeshazibwa. Kiwango kinachotosha kuamsha mwani ni kidogo mno: miligramu 0.03 kwa lita, au hata pungufu ya hapo.

Wenzetu wameshaonja. Chivero, bwawa linalotegemewa na Harare, liligeuka kijani na kufunikwa na magugu maji kwa virutubisho vya majitaka. Agosti 2014, Toledo katika jimbo la Ohio, Marekani, wakazi karibu nusu milioni waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu sianobakteria (vijidudu vya majini vifananavyo na mwani) wa Ziwa Erie walikuwa wametoa sumu iitwayo mikrosistini. Fosforasi iliyowalisha ilitoka zaidi mashambani, kwenye mbolea za viwandani na za mifugo. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya kila siku. Mazoea tunayoyajenga leo kwenye mabustani ya Dar ndiyo yatakayohamia Ruvu pamoja na mabanda.

Anzia kwenye chakula

Njia rahisi ya kupunguza fosforasi kwenye mbolea ni kutoiweka kwenye chakula. Theluthi mbili hivi ya fosforasi iliyomo kwenye mahindi, pumba na mashudu imefungwa katika umbo liitwalo fitati, na kuku hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua. Inaingia na kutoka kama ilivyo. Mchanganyaji wa chakula anajua kuku anahitaji fosforasi kwa mifupa na maganda ya mayai, kwa hiyo anaongeza DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) au unga wa mifupa, na kwa sababu vipimo vyake ni vya kukisia, anaongeza na akiba juu. Akiweka na dagaa wa kutosha, ambao nao wana fosforasi, ameshapita.

Dawa yake ipo na inapatikana: kimeng'enya cha fitase. Kipimo cha kawaida ni yuniti 500 kwa kilo ya chakula. Ukinunua chenye nguvu ya yuniti 5,000 kwa gramu, unahitaji gramu 10 kwa kilo 100 za chakula. Gramu 10 hazichanganyiki zenyewe. Zichanganye kwanza na kilo moja ya pumba laini, kisha kilo hiyo na kilo 10, ndipo uingize kwenye rundo zima. Halafu, na hapa ndipo wengi hukosea, punguza DCP. Kwa kipimo hicho unaweza kuondoa takriban nusu kilo ya DCP kwenye kila kilo 100 za chakula. Ukiweka fitase na kuiacha DCP kama ilivyokuwa, umelipa mara 2, na fosforasi iliyofunguliwa bila kutumika inatoka kwenye kinyesi ikiwa katika umbo linaloyeyuka upesi zaidi kuliko mwanzo. Maji yanapata hasara kuliko ulivyoanza.

Joto huua fitase. Chakula kinachopitishwa kwenye mashine ya kutengeneza vidonge kwa joto la nyuzi 80 na zaidi kinahitaji fitase iliyotengenezwa kuhimili joto hilo, au ipuliziwe baadaye. Hata stoo ya Dar yenye joto na unyevu huipunguzia nguvu, kwa hiyo nunua ya kutumia miezi michache, si ya mwaka. Chokaa ikizidi nayo huizuia kufanya kazi. Kwa kuku wa mayai punguza DCP kidogo kidogo na uangalie maganda na miguu: maganda yakilainika au kuku wakianza kulala chini, umeshuka mno.

Rundo lililokaa mvuani

Kuku 1,000 wa nyama kwa mkupuo mmoja huacha tani moja na ushee ya mbolea pamoja na maranda, na ndani yake kilo 12 hivi za fosforasi. Ni zaidi ya mfuko mmoja wa DAP. Fosforasi hiyo inatosha tani 24 za mchicha, au tani 4 za mahindi. Wafugaji wengi huisukuma nje ya banda na kuiacha hapo mpaka mteja aje, na mteja hupungua wakati wa masika kwa sababu matuta yamefurika. Kwa hiyo rundo linakuwa kubwa zaidi katika miezi ambayo mvua ni kubwa zaidi, Machi hadi Mei. Maji meusi yanayochuruzika chini yake ni fosforasi iliyoyeyuka, na yakiufikia mtaro yameufikia mto.

Hifadhi yake haihitaji fedha nyingi. Mfugaji wa kuku 1,000 anayepokea vifaranga kila wiki 8 anahitaji nafasi ya mikupuo 2 ili avuke masika, yaani tani 2.5, ambazo ni mita za ujazo 5 hivi. Sakafu ya zege ya mita 2 kwa 3, kuta za tofali pande 3 hadi usawa wa kiuno, na paa la bati linalotokeza nje vya kutosha kuzuia mvua ya upepo. Asiye na fedha ya bati atumie turubai, lakini lifungwe kwa kamba na mawe. Turubai lililolegea hukusanya maji katikati na kuyamwaga yote mahali pamoja. Chagua mwinuko, chimba mtaro upande wa juu ili maji ya mvua ya jirani yapite pembeni, na kaa angalau mita 30 kutoka kisimani.

Ndani ya banda, tazama vyombo vya maji. Kinyweshea kinachovuja kinalowanisha maranda, na maranda yaliyolowa yanaongeza uzito ambao hakuna atakayekubali kuusafirisha mbali. Kamata konzi ya maranda, uifinye: ikibaki donge, yameloa mno, ikisambaratika ukifungua mkono, yako sawa. Hilo jambo dogo ndilo linaloamua kama mbolea itaishia Kisarawe au kwenye bonde la nyuma ya nyumba.

Kuozesha ni kuzuri, na kwa mboga za majani naona ni lazima, kwa sababu joto la nyuzi 55 likidumu siku 15 huku rundo likigeuzwa mara 5 huua vijidudu vya salmonela na wenzao. Haliondoi fosforasi hata gramu. Rundo likishaoza uzito wake unapungua karibu nusu, naitrojeni nyingine inakwenda hewani, fosforasi yote inabaki. Debe la mboji ya kuku kwa hiyo lina fosforasi nyingi kuliko debe la mbolea mbichi, huku naitrojeni ikiwa imepungua. Imani kwamba "ikioza imepoa, mwaga utakavyo" ni sahihi kwa mizizi ya mche na si sahihi kwa mto. Tope linalotoka kwenye mtambo wa biogesi ni vivyo hivyo: gesi imeondoka na kaboni, fosforasi haijaguswa.

Kwa wenye ng'ombe wa ndani neno ni fupi. Fosforasi ya ng'ombe imo kwenye kinyesi, karibu yote. Mkojo umebeba potasiamu na sehemu kubwa ya naitrojeni. Komba sakafu kwa koleo kwanza, kikavu, ndipo uoshe. Anayeanza na mpira wa maji anaipeleka fosforasi mtaroni kwa mkono wake.

Bondeni

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ni sheria nzuri, nami naitetea. Lakini matuta yapo, yamekuwepo, na mboga zake zinaliwa Kariakoo na Ilala kila jioni. Wakati mamlaka zinaendelea na kazi yao, kilicho ndani ya uwezo wa mkulima leo ni kupunguza madebe.

Kipimo ninachokitetea ni hiki. Tuta la mita 10 za mraba lipewe kilo 2 hadi 3 za mbolea ya kuku kwa mivuno 3 au 4, si debe kwa kila mvuno. Hata hicho kinakaribia kutosheleza fosforasi yote ya mivuno hiyo. Naitrojeni iliyopungua iongezwe kwa urea, gramu 100 kwa tuta kwa mvuno, nusu yake siku ya 10 baada ya kuota, na nusu nyingine baada ya wiki moja zaidi. Iwekwe kwenye vifereji kati ya mistari, ifukiwe, imwagiliwe. Ikinyunyizwa juu ya majani yenye umande inaunguza. Ikiachwa juu ya udongo inapotea hewani. Ikizidishwa inakuwa naitreti kwenye visima vifupi vya watu, na tutakuwa tumehamisha tatizo tu.

Kuna njia nzuri zaidi ambayo haitumiwi vya kutosha: kunde za majani. Zinajitafutia naitrojeni hewani, zinauzika, na huchukua fosforasi udongoni bila kuhitaji debe. Tuta lililorundikiwa mbolea miaka mingi likipandwa kunde, kisha mchicha wa urea kidogo, kisha kunde tena, linaanza kushuka.

Mbolea ifukiwe sentimita 10, siyo kuachwa juu. Isiwekwe kama mvua kubwa inatarajiwa ndani ya siku 2, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unapatikana kwenye simu bure. Kuanzia mwanzo wa Machi hadi Mei iishe, matuta yanayofurika yasipewe kabisa. Chimba shimo la mita moja: maji yakionekana, hapo fosforasi haina mahali pa kushikwa kabla ya kufika.

Kati ya tuta la mwisho na mto weka ukanda wa majani ya tembo, mita 5 kwa uchache. Utazuia chembe za udongo; fosforasi iliyoyeyuka utaizuia kidogo tu. Na majani hayo lazima yakatwe kila wiki 6 hadi 8 na kuondolewa, yauzwe kwa wenye ng'ombe. Yakiachwa yaoze papo hapo, ukanda unajaa na baada ya miaka michache wenyewe unakuwa chanzo.

Nani anajua tuta lake limefikia wapi? Mwenye kipimo cha udongo. Chota sehemu 10 hadi 15 kwa kwenda zigizaga, sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, peleka nusu kilo maabara, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Usiweke kwenye kiroba kilichowahi kubeba mbolea. Majibu yatakuwa ya kiroba. Kwa udongo wenye tindikali kipimo ni Bray 1: chini ya miligramu 7 kwa kilo ni kidogo, 7 hadi 20 ni wastani, juu ya 20 mazao hayahitaji nyongeza. Tuta likisoma mara 3 ya hapo, msimamo wangu ni kwamba lisipewe mbolea ya kuku tena mpaka lishuke.

Halafu mbolea iende wapi? Iende kwenye mihogo, mahindi na michungwa ya Mkuranga, Kisarawe na Muheza, kwenye mchanga ambao haujaonja fosforasi kwa miaka. Kinachozuia ni nauli na kutojua thamani. Mbolea iliyoloa haiwezi kulipa Fuso. Iliyokauka na kupimwa inaweza. Tangu msimu wa 2022/2023 serikali imetoa ruzuku ya mbolea za viwandani kwa wakulima waliosajiliwa, na ningependa kuona fungu dogo la fikra hiyo likielekezwa kwenye kukausha na kusafirisha hii iliyopo tayari mjini. Halmashauri nazo zinapotoa kibali cha banda jipya zidai jambo moja lililoandikwa: mbolea itakaa wapi masika, na itakwenda wapi baadaye.

Muuzaji naye anaweza kuanza kesho, kwa kalamu ya wino mzito. Kwenye kiroba cha kilo 25 cha mbolea kavu ya kuku wa nyama aandike: naitrojeni gramu 750, fosforasi gramu 325. Na chini yake: fosforasi hii inatosha kilo 650 za mchicha, yaani matuta 32 ya mita 1 kwa 10.